Rejeta za Kingsbury

Kwetu ukisema rejeta, mtu anafikiria gari lililochemka njiani. London rejeta ni kile kitu cha chuma kinachobanwa ukutani na kupitishiwa maji ya moto kutoka kwenye boila, ili chumba kipate joto. Nimezifunga kwa miaka thelathini na kidogo. Nimezifunga katika nyumba za kaunsili, yaani za halmashauri ya mtaa, Peckham, katika makanisa ya Lewisham, katika ofisi na vyumba vya wanafunzi, na karibu muda wote huo zilikuwa za aina moja: nyeupe, bapa, fupi, za kukaa chini ya dirisha. Hakuna aliyezipenda. Watu walizificha nyuma ya makochi na kuzianikia soksi.

Kisha, nikiwa nimeshaanza kufikiria kustaafu, mambo yakageuka. Watu wakataka rejeta zao zionekane. Zikaja ndefu kama milango, zikaja za mabomba yaliyopangwa kama ngazi, za kioo, za rangi ya mkaa, za rangi ya shaba. Zikawekwa katikati ya ukuta, mahali ambapo zamani mtu angetundika picha ya harusi. Duka lililokuwa likinipa kazi likaacha kabisa kuuza zile nyeupe. Likapakwa rangi nyeusi mbele, likawekwa taa ndogondogo na mmea mmoja mkubwa mlangoni, na mteja akiingia anapewa kahawa kwanza. Mimi nilikuwa yule anayekuja baadaye, na vani na mgongo wangu.

Ni nzito zile. Kuipandisha moja kwenye ngazi nyembamba za nyumba za Kiingereza, bila kukwaruza ukuta uliopakwa rangi juzi, kunataka nguvu ambazo mimi sikuwa nazo tena. Nilikuwa nakaribia miaka sitini, na goti la kulia lilikuwa limekwisha. Mke wangu, aliyekuwa akihudumia wazee katika nyumba moja ya kulelea wazee, alikuwa akinikanda kwa mafuta ya karafuu na kuniuliza nitaacha lini. Nilimwambia baada ya baridi hii. Nilimwambia hivyo baridi tatu mfululizo.

Vuli ya kuingia baridi ya tatu nikatumwa Kingsbury, kaskazini magharibi mwa London. Karatasi ya kazi ilisema rejeta tano, zote ndefu, zote rangi ya mkaa, nyumba nzima. Aliyeziagiza alikuwa bwana wa Kihindi, mtu mzima wa miaka hamsini hivi, mfamasia, mpole, aliyeniomba nivue viatu mlangoni kisha akaniomba radhi kwa kuniomba. Alinitembeza chumba kwa chumba akinionyesha kwenye simu yake picha ya namna kitakavyokuwa. Sebuleni kulikuwa na dirisha kubwa lililotokeza nje, na chini yake rejeta nyeupe ya zamani, pana na nene, iliyokuwa ikifanya kazi yake bila lawama. Alitaka itoke, na badala yake isimame moja ndefu nyembamba kwenye ukuta wa pembeni.

Nilimwambia kwa adabu kwamba baridi ya chumba kile inashuka kutoka dirishani, na kwamba hiyo nyembamba haitatosha. Akasema dukani wamemhakikishia inatosha. Sikubishana. Nilikuwa nimeshachoka kubishana na watu juu ya joto la nyumba zao. Niliandika maneno yangu chini ya karatasi ya kazi, akatia sahihi, akaenda kwenye duka lake la dawa.

Mama yake alibaki. Alikuwa na chumba chake chini, karibu na jiko, na alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya rejeta yake, amevaa sari nyeupe ya ujane, na juu yake sweta mbili za kiume. Nilimsalimu kwa Kiingereza. Aliitikia kwa kichwa, akarudi kutazama bustani, ambako hakukuwa na kitu cha kutazama.

Asubuhi nzima nilikuwa nikikausha maji ya mabomba. Maji ya rejeta za zamani hutoka meusi kama wino, na yakidondoka kwenye zulia hayatoki, kwa hiyo unapiga magoti na bakuli na vitambaa na kusogea taratibu. Kwenye saa nane mchana nilikuwa hapo ukumbini, mbele ya mlango wa yule mama, najaribu kuinuka. Goti likakataa. Nikasema peke yangu, kwa lugha yangu, kwamba goti hili litanimaliza.

Sauti ikatoka chumbani. "Na goti bovu hilo, fundi, hukuona kazi nyengine isokuwa ya kupiga magoti?"

Kilikuwa Kiunguja kitupu. Hakikuwa Kiswahili cha kuokoteza dukani. Kilikuwa cha mtu aliyenunua samaki kwa lugha hiyo, akagombana na jirani na akabembeleza mtoto. Nilikwenda mlangoni nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza, akaniuliza natoka wapi.

Nikamwambia Unguja. Akauliza Unguja wapi. Nikamwambia mjini. Akauliza mjini wapi.

Nimekutana na wazee wengi wa Kihindi kutoka kwetu katika nyumba za huku, na nilikuwa nimejifunza kuliogopa hilo "wapi" la tatu. Nilimwambia Mkunazini.

"Mkunazini ya kuzaliwa," akasema, "au ya kuhamia?"

Ningeweza kumdanganya. Wengi tumejifunza kudanganya kidogo katika jambo hilo, pande zote. Lakini nilikuwa nimechoka, nimeshika spana mkononi, maji meusi yananitiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Ya kuhamia, mama."

Nilirudi kwenye kazi yangu. Siku ile sikusikia neno jengine kutoka chumbani mle.

Lazima nieleze. Mapinduzi yalinikuta na miaka saba. Baba yangu alikuwa mchukuzi bandarini, na tulikaa Ng'ambo, nje ya mji wa mawe, chumba kimoja cha udongo, paa la makuti. Hakushika panga wala bunduki. Alikuwa mtu wa kuogopa hata mbwa. Wenye nyumba za mawe walipoondoka, nyumba zikachukuliwa na serikali zikagawiwa watu, na sisi tukapewa vyumba viwili ghorofani, Mkunazini. Nakumbuka baba alivyosimama kwenye kizingiti na godoro kichwani, hataki kuingia, mpaka mama akamsukuma. Ndani mlikuwa na harufu ya ubani usiokuwa wetu. Palikuwa na kirafu kidogo cha ibada ukutani, kimeingia moshi, ambacho mama alitukataza tusiweke kitu juu yake. Na jikoni palikuwa na sufuria moja kubwa ya shaba, walioondoka hawakuweza kuibeba.

Siku ya pili nilimkuta yule bibi amekwishavuta kiti chake mpaka mlangoni. Ukumbini nilipokuwa nikifanya kazi tulikuwa karibu kama watu waliokaa baraza moja. Aliniuliza nyumba yetu ilikuwa na nini. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei. Nikamweleza ngazi ya mbao, ua katikati, kisima kilichofunikwa. Akatikisa kichwa. Ya kwao ilikuwa Kiponda, akasema, na haikuwa na kisima. Basi haikuwa ya kwao tuliyopewa sisi.

Tukazungumza. Mumewe alikuwa na duka la nguo chini ya nyumba yao. Waliondoka na mtoto wa miezi minne, ambaye ndiye huyu mfamasia, na begi moja, wakapita Dar es Salaam, wakapita Bombay, na baada ya miaka mingi wakaishia Kingsbury, kwa sababu mtu wa ukoo alikuwa na duka la mboga barabarani pale. Mume alikufa nyumba hii hii. Alinisimulia hayo yote bila kuinua sauti, huku nikipima ukuta kwa pimamaji na kutoboa. Kila nikiwasha mashine ya kutobolea alikuwa akinyamaza, nikiizima anaendelea palepale alipoachia.

Nikamsimulia habari ya ile sufuria ya shaba. Mama yangu aliipikia miaka ishirini na tatu. Aliipikia pilau za harusi za dada zangu na hitima ya baba. Na kila alipotuma mtu aende kuileta alikuwa akisema, lete sufuria ya wenyewe. Hakuwahi kuiita yetu. Sisi watoto tulidhani ndilo jina lake. Kwamba kuna sufuria za bati, na kuna sufuria za wenyewe.

Yule bibi akanitazama. "Aliiita hivyo mbele za watu?"

"Mbele za watu, mama. Mpaka anakufa."

Akageuza uso upande wa bustani. Kisha akaniuliza kama nimekula, nikasema bado, akanyanyuka kwa shida akanipashia wali na dengu, tukala jikoni, yeye hatua tatu mbali na mimi kwenye meza yake, mimi kwenye ngazi yangu ya kazi.

Siku ya tatu ilibaki rejeta ya chumbani kwake. Nilipoingia nayo ile ndefu, nimeikumbatia kama mtu anayecheza dansi na maiti, alikuwa amesimama mbele ya ile ya zamani. Juu yake palikuwa na chungu kidogo kilichofungwa shali. Ulikuwa mtindi. Alinieleza kwamba kila siku anagandisha mtindi hapo, miaka yote, na kwamba Uingereza nzima hapana mahali pengine penye joto la sawasawa. Asubuhi huweka hapo nguo zake zipate moto kabla ya kuzivaa. Magoti yake huyaegemeza hapo.

"Hilo dude lako nitaweka wapi chungu?" akasema. "Halina mgongo."

Nilimwambia akae, nitasema na mwanawe.

Mwanawe alirudi kwenye saa kumi na mbili, na alipoambiwa alisikitika kuliko nilivyotarajia. Mama yake alimsemesha Kigujarati, yeye akawa ananijibu mimi kwa Kiingereza. Alisema nyumba moja haiwezi kuwa na sura mbili. Nilimwambia chumba cha mzee kina mlango, unaweza kufungwa. Ndipo akakaa kwenye ngazi ya kupandia juu, koti bado mwilini, na akasema jambo ambalo sikulitegemea. Alisema maisha yake yote amesikia habari ya nyumba ya Kiponda asiyoikumbuka: milango yake, vioo vyake vya rangi, kibaraza chake. Kila nyumba waliyoishi baada ya hapo, mama yake aliiita chumba. Hata hii, miaka ishirini na mitano, bado anasema chumba hiki. Alitaka, kabla mama hajafa, akae katika nyumba nzuri, tena nyumba iliyochaguliwa, si iliyopatikana tu.

Nilikuwa na watoto wangu Peckham ambao nao nilishawachosha na habari za kwetu. Nikiwasemesha Kiswahili wananielewa, lakini hunijibu kwa Kiingereza, kwa upole, kama mtu anavyomjibu mgonjwa. Nikamwambia tu kwamba mama yake anasikia baridi, na kwamba kuhusu baridi mimi ni fundi. Alikubali. Ile ya tano ilirudi dukani, na chumba cha bibi kikabaki kama kilivyokuwa.

Zile nne nilizozifunga zilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Sebule ile, ukuta mweupe na lile umbo refu jeusi, ilipendeza kama picha ya gazeti. Mfamasia alipiga picha. Na mimi nilisimama nikaitazama kwa dakika nzima.

Baada ya wiki sita, baridi ilipokaza, akanipigia simu mwenyewe, hakupitia dukani. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshindwa. Sebule haikaliki, alisema. Nilikwenda siku yangu ya mapumziko, kwa treni, kwa sababu vani ilikuwa ya kazi. Nilitoa hewa kwenye rejeta zote, nikarekebisha koki ili maji yagawike sawa, nikagusa ile ndefu kuanzia juu mpaka chini. Ilikuwa moto kote. Ilikuwa inafanya kila ilichoweza. Tatizo ni kwamba ilichoweza kilikuwa kidogo, na dirisha lilikuwa kubwa.

Nilipomaliza nikasikia televisheni inaunguruma chumbani kwa bibi. Familia nzima ilikuwa mle. Mke wa mfamasia amekaa kitandani na kompyuta mapajani, binti zao wawili sakafuni wameegemea ukuta na vitabu vyao vya chuo, na bibi katikati, kwenye kiti chake, kama hakimu. Chungu cha mtindi kilikuwa mahali pake. Joto lilinipiga usoni nikiwa bado mlangoni. Walikuwa wakikaa hivyo kila jioni kwa wiki tatu, mfamasia akaniambia. Hakucheka alipokuwa akisema, lakini hakukasirika pia.

Tulipatana kwamba nitarudisha rejeta ya kawaida chini ya dirisha. Nikaitafuta nyeupe, nene, ya bei nafuu, nikaifunga Jumamosi iliyofuata, na ile ndefu ikaachwa ilipo. Bibi alikuja mpaka sebuleni kukagua, amejishika ukuta. Alizitazama zote mbili.

"Moja ya kutazama," akasema, "moja ya kuota moto. Hivyo ndivyo watu wote wanavyoishi."

Nilikuwa nakwenda kwetu mwezi wa Februari, dada yangu mkubwa alikuwa mgonjwa. Nilimwambia bibi wakati namuaga, kwa mazoea tu, na mara akanishika mkono wa shati. Aliniomba nipite Kiponda. Alinieleza njia kutoka sokoni, kulia, kushoto, msikiti mdogo, kona yenye mfereji, mpaka nikaona kwamba ameitembea njia ile kichwani mara nyingi kuliko mimi nilivyoitembea kwa miguu.

Niliipata. Pembe moja ya nyuma ilikuwa imeanguka katika mvua za masika za mwaka mmoja, na ukuta uliobaki umeegemezwa boriti. Ghorofani hapakai mtu, mbao zimeoza. Chini, palipokuwa duka, walikuwa wanaishi watu wa familia mbili, wamegawanya kwa pazia. Mwanamke mmoja alikuwa anakaanga samaki uani. Aliniuliza kama mimi ni katika wenyewe. Nikamwambia nimetumwa na wenyewe. Akasitasita, kisha akanikaribisha, akanionyesha kila kitu bila kuulizwa, panapovuja na pasipovuja, kama vile nimekuja kumtoza. Vioo vya rangi vilikuwa vimebaki viwili.

Mke wangu, niliporudi London, alinishauri nimwambie bibi nyumba ipo na ni nzuri. Kila siku kazini kwake alikuwa akiwaambia wazee uongo wa namna hiyo, na wakilala salama. Niliufikiria njia nzima kwenda Kingsbury. Lakini yule bibi alikuwa ameniuliza swali moja siku ya kwanza, nami nikamjibu kweli, na kila kilichofuata baina yetu kilikaa juu ya jibu lile. Nilimweleza kama nilivyoona, pembe iliyoanguka, boriti, pazia.

Alisikiliza, mikono mapajani. Aliuliza kama mle ndani wamo watoto. Nikasema wamo, niliona watatu. Aliuliza kama wanaonekana wanashiba. Nikasema wanaonekana hivyo.

Kisha akasema, taratibu, "Nimeibeba nyumba ile miaka hamsini, mwanangu. Nimeibeba Dar, nimeibeba Bombay, nimeileta huku kwenye baridi. Mwanangu wa kumzaa nimembebesha na yeye. Nimechoka nayo."

Nilitaka kusema na mimi nimechoka na ile ya Mkunazini, ambayo haikuwa hata yangu, lakini haikuwa zamu yangu ya kusema. Akaniuliza habari za dada yangu. Nikamwambia tumemzika. Akasema maneno ya pole kama wanavyosema kwetu, yote, bila kuruka hata moja, na hapo ndipo machozi yalinitoka, ambayo Unguja kwenyewe hayakutoka.

Nilikaa mpaka mwanawe akarudi kutoka kazini. Niliacha kazi mwezi uliofuata. Jioni ile nilipotoka kwao, kwenye barabara ya Kingsbury, maduka yalikuwa yanaingiza ndani masanduku ya mboga. Nikanunua bamia na pilipili mbichi alizoniagiza mke wangu, nikapanda treni kurudi upande wetu wa mto, nikalala kwenye kiti mpaka nikapitishwa kituo.